PC uliyoiovakloki inachemka na kuzima? Mengi unayoambiwa siyo yenyewe

Mtu akishaunga PC yake ya gemu mwenyewe na kuiovakloki (kuilazimisha iende kasi kuliko ya kiwandani), siku ikianza kuchemka au kujizima katikati ya gemu ushauri unaomiminika ni ule ule, ongeza feni, nunua hitisinki (kipoza joto cha prosesa) kubwa, weka ya kupoza kwa maji, na mara nyingi hela inaenda kwenye sehemu ambayo haina tatizo lolote. Inaniuma kuona hivyo kwa sababu mashine nyingi za namna hii hazihitaji kifaa kipya hata kimoja, zinahitaji mwenyewe ajue anatafuta nini.

"Ikizima maana yake imepata joto"

Hii ndo mama wa imani potofu zote. Ukweli ni kwamba kuchemka na kuyumba (mashine kukosea hesabu na kuanguka) ni magonjwa mawili, yanaweza kuja pamoja lakini kila moja lina dalili zake. Prosesa ya kisasa ikifika kikomo chake cha joto haikimbilii kuzima, inajipunguza kasi yenyewe. Prosesa nyingi za Intel Core kikomo chake ni nyuzi 100, Ryzen 7000 nyingi za AMD ni 95, na ukifika hapo unachokiona ni fremu zinashuka, gemu linakwama kwama, feni zinanguruma. Kuzima kabisa kwa ajili ya joto kupo, ila huo ni ulinzi wa mwisho kabisa, unakuja pale ambapo hata kujipunguza kasi hakujasaidia, mfano pampu ya maji imekufa au hitisinki haijakaa vizuri juu ya prosesa.

Kwa hiyo kama unapigwa skrini ya bluu na prosesa iko nyuzi 68, achana na habari za feni. Hapo uwezekano mkubwa ni volteji haitoshi kwa kasi uliyoiomba, au RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) inakosea. Namna ya kujua bila kubahatisha ni kuweka HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, washa ile sehemu ya kurekodi vipimo kwenye faili, cheza mpaka ife, halafu ukiwasha tena fungua faili uangalie mistari ya mwisho kabla haijafa, joto lilikuwa ngapi, volteji ngapi, kasi ngapi. Soma na jina la kosa kwenye skrini ya bluu, usilipite tu. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR na CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT kwenye mashine iliyoovaklokiwa mara nyingi zinakuelekeza kwenye prosesa na volteji yake, MEMORY_MANAGEMENT inakwambia anza na RAM.

Na hapo hapo kuna nyingine inapotosha watu sana, mtu anafungua kumbukumbu za matukio za Windows anakuta Kernel-Power 41 anasema basi pawa saplai imekufa. Hapana bana, hiyo 41 inasema tu kwamba Windows ilizimika bila kuagwa, sababu haiijui. Iwe joto, iwe volteji, iwe umeme umekatika, inaandika 41 hiyo hiyo.

"Kasi ndo inaleta joto"

Kasi inaleta joto, sawa, lakini mwenye makosa makubwa ni volteji. Umeme ambao prosesa inakula ukiwa kazini unapanda sambamba na kasi, ila kwa volteji unapanda kwa kipeo cha pili. Chukua prosesa iliyokuwa gigahezi 4.5 kwenye volti 1.20, ukaipeleka 5.0 kwa volti 1.35. Kasi imepanda asilimia 11. Umeme, ukipiga hesabu, umepanda kama asilimia 40, na wote huo unageuka joto ambalo hitisinki ile ile inatakiwa ilitoe. Hapo hata sijahesabu kwamba silikoni ikiwa ya moto inavujisha umeme zaidi, kwa hiyo joto linazaa joto.

Ndo maana megahezi 200 za mwisho ndo ghali kuliko zote. Ukishuka kidogo, tuseme kutoka 5.0 hadi 4.8, halafu ukashusha na volteji hatua kwa hatua mpaka pale inapokaa vizuri, joto linaweza kupungua sana na kwenye gemu usione tofauti yoyote, hasa ukicheza kwa rezolusheni kubwa ambapo GPU (kadi ya picha) ndo inabeba mzigo wote na prosesa inaisubiri tu. Kwangu mimi hii ndo dawa ya kwanza ya PC inayochemka, na ni ya bure.

"Acha volteji kwenye Auto, madabodi inajua yenyewe"

Madabodi, ile bodi kuu ambayo vifaa vyote vinachomekwa, haijui prosesa yako ilivyo. Prosesa mbili za modeli moja zinaweza kuhitaji volteji tofauti kwa kasi ile ile, sasa mtengenezaji wa madabodi ili asilaumiwe anaweka Auto iwe na volteji ya kutosheleza hata ile prosesa mbovu kuliko zote, yako nzuri nayo inapewa hiyo hiyo. Ukipandisha kasi huku umeacha Auto unaweza kukuta imejipa volti ambazo wewe mwenyewe kwa mkono usingethubutu kuziweka.

Halafu kuna suala la mipaka ya wati. Prosesa ya Core i9-13900K kwa vipimo vya Intel mwisho ni wati 253, lakini madabodi kibao zilikuwa zinatoka kiwandani zimewekwa wati 4096, yaani hamna mpaka, kwa hiyo mtu anashangaa mashine inachemka na hajaovakloki kitu. Na kwa wenye Core za kizazi cha 13 na 14, sikiliza vizuri hapa. Mwaka 2024 Intel walieleza kwamba prosesa za mezani za vizazi hivyo zilikuwa zinayumba kwa sababu zilikuwa zinapata volteji ya juu kupita kiasi, wakatoa maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, zinakuja kupitia BIOS (programu ya ndani ya madabodi) mpya, na waranti wakaiongeza miaka 2. Maikrokodi inazuia uharibifu usiendelee, haiponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Kama yako inaanguka hata kwenye setingi za kiwandani na BIOS mpya, usihangaike na volteji usiku kucha, dai waranti.

"Weka ya maji, tatizo litaisha"

Maji hayatengenezi baridi, yanahamisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye rejeta na rejeta inalitupa kwenye hewa ya chumba. Haiwezi kushuka chini ya joto la chumba, na chumba kikipanda nyuzi 5 prosesa nayo inapanda kama hizo hizo. Jingine ni kwamba maji yanachelewa kupata moto, kwa hiyo kipimo cha dakika tano kitakuonyesha namba tamu sana halafu nusu saa baadaye hadithi ni nyingine. Ukishaweka, hakikisha pampu siyo sehemu ya juu kuliko zote kwenye mzunguko, maana hewa iliyobaki ndani inapanda juu na ikikaa kwenye pampu utaisikia inakoroma na joto linapanda.

Na kuna hasara ambayo haitajwi. Hitisinki ya hewa ilikuwa inapuliza kidogo na zile saketi za kuipa prosesa umeme pale pembeni, VRM. Ukiitoa ukaweka ya maji, upepo ule unakufa, na kwenye madabodi ya bei rahisi iliyoovaklokiwa VRM inapata moto mpaka inailazimisha prosesa kushusha kasi, wakati huo we unaangalia joto la prosesa unaona nyuzi 70 unasema mbona iko poa.

Pesti nayo, ile ya kupaka kati ya prosesa na hitisinki, eti ukiweka nyingi ndo inapoa zaidi. Siyo kweli, kazi yake ni kuziba vinafasi vidogo tu kati ya bati mbili, tone dogo katikati linatosha kwa prosesa za kawaida. Cha muhimu zaidi ni skrubu zikazwe kwa kupishana pembe ili zibane sawa, na ile karatasi ya plastiki chini ya hitisinki iwe imetolewa. Iangalie tu, inasahaulika.

Feni, kabla hujanunua fungua ubavu wa kesi kisha cheza. Joto likishuka nyuzi 8 au 10, kweli kesi haipumui, angalia feni zinavuta na kutoa upande gani. Likishuka nyuzi moja tu, feni zako hazina kosa.

"Imepita Cinebench, iko imara"

Imepita Cinebench, programu ya kupima kasi ya prosesa, basi. Hiyo ni mzigo wa aina moja kwa dakika chache. Programu ya Prime95 ilitoka kwenye mradi wa GIMPS wa kutafuta namba tasa kubwa, ulioanza 1996, na uzuri wake ni kwamba inakagua majibu ya hesabu zake yenyewe, kwa hiyo inaweza kukuonyesha kiini cha prosesa kimekosea hata kama Windows bado inatembea. Ila hali yake ya Small FFTs inatoa joto ambalo gemu halitalifikia, usiogope ukiona 95 pale wakati kwenye gemu uko 70. Kinyume chake pia kipo, prosesa ya Ryzen iliyoshushwa sana volteji kwenye Curve Optimizer (setingi ya AMD ya kupunguza volteji) inaweza kupita kila kipimo kizito halafu ikafa ukiwa umefungua ukurasa wa intaneti tu, kwa sababu mzigo ukiwa mwepesi kasi inaruka juu na volteji uliyoibakisha haitoshi. Pima mzigo mzito, mwepesi, na kukaa bila kazi.

"XMP siyo ovakloki"

Ni ovakloki kabisa, maana XMP, au EXPO kwa AMD, ni setingi ya BIOS inayoipandisha RAM kasi. RAM za DDR5 bila setingi hiyo kwa kawaida zinaanzia 4800, ukiwasha XMP au EXPO ya 6000 umeivuka, na hapo unaisukuma RAM pamoja na kidhibiti chake kilichoko ndani ya prosesa, ukiwa na vijiti vinne ndo mzigo unazidi. Kukosea kwa RAM ndo kubaya kuliko skrini zote za bluu, kwa sababu inaweza kuandika uchafu kwenye diski kimya kimya, picha zako, sevu za gemu, mpaka faili za Windows. MemTest86, programu ya kupima RAM, ikitoa kosa moja, moja tu, hiyo setingi haifai. Tafadhali weka nakala ya vitu vyako sehemu nyingine kabla hujagusa BIOS.

Ikiwa inazima ghafla skrini nyeusi na kujiwasha, bila bluu, na ni pale GPU inapolemewa, hapo ndo pawa saplai inaingia kwenye mashaka. Wati zilizoandikwa pembeni hazimalizi mjadala, GPU zinavuta umeme kwa miruko mifupi sana inayopita wastani wake kwa mbali. Angalia kama umetumia waya mmoja wenye vichwa viwili kuipa GPU umeme, tumia waya mbili tofauti.

Utaratibu wenyewe basi, rudisha kila kitu kwenye setingi za kiwandani, ikikataa futa CMOS (kumbukumbu ya setingi za BIOS) kwa jampa (pini za kuunganisha kwenye madabodi) au kwa kutoa betri, umeme ukiwa umechomolewa. Jaribu siku kadhaa. Ikiendelea kufa, ovakloki haina hatia tena, unatafuta kifaa kibovu, anza na kijiti kimoja kimoja cha RAM. Ikitulia, washa XMP peke yake upime, kisha prosesa, kisha GPU, kitu kimoja kwa wakati. Na kama RAM ndo ilikuwa mkosaji, endesha sfc /scannow, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha faili zake, baada ya kurekebisha, kwa sababu faili zilizoharibika kipindi kile zitaendelea kuiangusha Windows hata setingi zako zikiwa sasa ziko sawa.