Ramani ya Zamani Haina Mpaka wa Kihamba

Karibu kila mwezi hunijia mtu na nakala ya ramani ya topografia ya miteremko ya Kilimanjaro, ya kipimio cha 1:50,000, akitaka nimwonyeshe humo mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, cha babu yake. Mpaka huo haumo, wala haukuwahi kuwamo.

Katika kipimio hicho milimita moja ya karatasi ni mita 50 za ardhi, kwa hiyo kihamba cha nusu hekta, chenye upana wa mita 50 na urefu wa mita 100, huchukua milimita moja kwa mbili, mahali ambapo ncha ya penseli butu hufunika pote. Mstari wa kijito wenye unene wa sehemu ya tano ya milimita ni sawa na upana wa mita 10 shambani, ilhali ugomvi mwingi ninaoletewa ni wa hatua tatu. Isitoshe, ramani hizi zilichorwa kutokana na picha za anga, na kamera ya ndege haioni chini ya migomba na kahawa, ambako ndiko masale, mimea ya kuwekea alama, yaliyopandwa mpakani yamesimama. Ile mistari ya kahawia ambayo wateja huiwekea kidole ni kontua; huunganisha sehemu zenye mwinuko mmoja na kukata mashamba ya watu katikati. Anayetafuta mpaka na aende shambani pamoja na majirani na wazee, wafuate isale baada ya isale, wakubaliane, ndipo amwite mpima aweke mawe. Inaniuma kuona mtu amemaliza nauli kutafuta karatasi wakati masale ya babu yake bado yanachipua.

Wengine hudai kwamba ramani zimekosea kwa kuwa simu huwaweka kama mita 300 mbali na daraja walilosimama juu yake. Ramani hizo zilijengwa kwa datumu (msingi wa kukokotolea mahali duniani) ya Arc 1960, simu hutumia datumu nyingine, WGS84, na tofauti ya hizo mbili upande wetu ni takriban mita hizo hizo. Badilisheni vipimo vya simu viwe vya Arc 1960 kwanza.

Mwaka uliochapwa pembeni nao si lazima uwe mwaka wa nyumba zinazoonekana, kwa sababu picha za anga hutangulia uchapaji, pengine kwa miaka kadhaa.

Na anayekuta kilele cha mita 6,010 katika ramani za Wajerumani asiseme kwamba mlima umeshuka: mita 5,895 zilitokana na upimaji bora zaidi wa Waingereza wa mwaka 1952.