Wilaya Isiyotafitiwa Si Pengo

"Hakuna utafiti uliowahi kufanyika katika wilaya hii." Soma mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa umahiri, utaikuta sentensi hiyo, au ndugu yake, mwishoni mwa sura ya pili, ile ya mapitio ya kazi tangulizi, imekaa kama muhuri wa ofisi. Aliyeiandika anaamini amepata pengo la utafiti. Hajapata. Na hiyo si dhana potofu pekee; hizi hapa chache, na majibu yake.

Dhana: Pengo ni mahali ambapo mtafiti hajafika.

Pengo ni swali lililobaki bila jibu baada ya kuwasikiliza waliotangulia. Tuseme utoro shuleni umechunguzwa Geita, nawe unataka kuuchunguza Chato. Kubadili wilaya si hoja. Kwa mtindo huo tutatafiti utoro kata kwa kata hadi kiama. Lakini ukisema waliotangulia waliona watoto wakivutwa na machimbo ya dhahabu, ilhali huku kuna ziwa na uvuvi, na unataka kujua kama nyavu humtoa mtoto darasani kwa namna ile ile ya machimbo, hapo una la kuuliza. Jibu lako litamfaa hata mtu wa Geita.

Dhana: Tatizo lazima liwe jipya, ambalo hakuna aliyewahi kuliwaza.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi zilikuwa zinakwisha, Mpemba akaingiza yake ingali ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake ilikuwa imeganda, na ya mwenzake ambaye hakuchemsha maziwa ilikuwa bado uji mzito. Alipouliza kwa nini ya moto iligande kwanza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa likaifanya utani. Mwanafizikia Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo hakulipuuza swali. Alirudi akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Jambo lenyewe lilikuwa la kale mno. Aristotle alilitaja, Francis Bacon akalitaja mwaka 1620, René Descartes mwaka 1637. Kwa kipimo cha upya, lingekatwa siku ya kwanza. Kilicholipa uzito ni kwamba alichokiona kijana kilipingana na alichofundishwa kuhusu upoaji, na mtu yeyote mwenye vyombo viwili na friza angeweza kukijaribu. Wala halijafungwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, huko Uingereza, walifanya majaribio yao na kupitia takwimu za wengine, wasipate ushahidi wa kuridhisha. Walionyesha kuwa kusogeza kipimajoto juu au chini kwa takriban sentimita moja kunaweza kuzaa matokeo ya Mpemba, yaani cha moto kuonekana kimetangulia kupoa. Swali la "kwa nini" likageuka "je, ni kweli?" Hawakufika hapo kwa kukaa mbali na makala za zamani.

Dhana: Mapitio ya kazi tangulizi ni sura ya kujaza: Fulani (2015) alisema, Fulani (2018) naye akasema.

Hii inaniudhi kuliko zote. Kati ya 1959 na 1988 streptokinesi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ilifanyiwa majaribio 33 kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo. Mwaka 1992 watafiti waliyajumlisha majaribio hayo moja baada ya jingine, kwa mfuatano wa miaka. Ikaonekana kwamba kufikia 1973, baada ya majaribio 8 tu yenye wagonjwa 2,432, ushahidi kuwa dawa inapunguza vifo ulikuwa umekwisha kutimia. Majaribio 25 yaliyofuata yaliandikisha wagonjwa wengine 34,542. Kina Fulani wanane walikuwa wamekwisha kusema. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaketisha jamvi moja mapema na kuwauliza wanakubaliana wapi.

Dhana: Nikimnukuu mtu kupitia kwa mwingine na kuandika "kama alivyonukuliwa na", nimemaliza.

Wasomi wamesimuliana kwa miaka kwamba sifa ya spinachi kuwa na madini ya chuma tele ilitokana na mtu kukosea nukta ya desimali. Kisa kitamu, tena chenye funzo la umakini! Mtafiti Ole Bjørn Rekdal wa Norway alionyesha mwaka 2014 jinsi kilivyoenea kwa watu kunakiliana, pasipo ushahidi wa nukta yenyewe. Itafute kazi ya kwanza uisome.

Dhana: Kazi ya zaidi ya miaka mitano imepitwa na wakati.

Kwenye kompyuta, huenda. Anayetafiti historia ya Kiswahili hawezi kuiruka kazi ya wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch ya 1993, hata kama anakusudia kuipinga.

Wengine huuliza marejeo mangapi yanatosha, thelathini au hamsini. Hesabu haisaidii. Simama pale kila makala mpya unayofungua inapokurudisha kwa majina uliyokwisha kukutana nayo, nawe unaweza kusema wanabishania nini. Siku hiyo fungua tena sura ya kwanza, kwa sababu tatizo uliloliandika mwanzoni huenda si lile unalolijua sasa.