Sukari ya tunda nayo ni sukari: kuhusu juisi ya kila siku

Kila Novemba, kuelekea Siku ya Kisukari Duniani tarehe 14, tunapopima wananchi sukari na uzito, swali letu kuhusu vinywaji hupata jibu lile lile: "Soda nimeacha, siku hizi nakunywa juisi." Jibu hilo hutolewa kwa fahari, nasi hatupendi kumvunja mtu moyo. Ila malalamiko juu ya chupa zilizoandikwa "asilia, haina sukari, hukata kitambi" yamezidi kufika kwa maafisa afya, na wengi wa wanaolalamika walikuwa wakizinywa kila siku kwa kuamini ni tiba.

Glasi ya mililita 250 ya machungwa yaliyokamuliwa papo hapo, bila kutiwa chochote, ina gramu zipatazo 20 za sukari, yaani vijiko vitano vya chai. Soda ya kola ya ujazo huo ina gramu 26 hivi. Tofauti ipo, lakini si ile inayofikiriwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, huiweka sukari ya juisi kapu moja na asali na sukari ya mezani, na hushauri jumla yake isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Sukari iliyo ndani ya tunda linalotafunwa haimo katika hesabu hiyo.

Na hiyo ni juisi isiyotiwa kitu. Tunayokunywa majumbani na kwa mama ntilie ni nyingine. Pasheni, ukwaju, ubuyu na rozela ni vichachu, kwa hiyo jagi la lita 2 hutiwa sukari robo kilo bila mtu kushtuka. Gawanya glasi nane: kila moja imebeba gramu 31, kabla hujahesabu sukari ya tunda lenyewe. Anayekunywa glasi hiyo mchana ndiye huyo huyo anayetuhakikishia kwamba chai yake ni ya mkandaa, haina sukari! Juisi ya miwa haihitaji kuongezewa. Ina gramu 13 hadi 15 kwa kila mililita 100, na ndimu na tangawizi zinazokamuliwa humo hazipunguzi hata gramu moja.

Kuhusu uzito, tuseme kwa uangalifu. Juisi haina uchawi wa kunenepesha. Tatizo ni kwamba hainyimi mtu hamu ya kula. Ukila machungwa matatu, makapi na nyuzinyuzi zake hukaa tumboni na unachelewa kutafuta kingine. Ukiyanywa, yanashuka kwa dakika moja na sahani ya wali inabaki na mlima wake ule ule. Nusu lita kwa siku ni kilokalori 200 na ushei juu ya chakula cha kawaida, na mwili usiozitumia huziweka akiba. Uchambuzi wa tafiti 42 uliochapishwa Januari 2024 ulionyesha kuwa kwa watoto kila glasi ya juisi halisi kwa siku iliambatana na ongezeko dogo la uzito kulingana na urefu, na zaidi kwa wadogo. Kwa watu wazima ongezeko lilijitokeza katika tafiti ambazo hazikuzingatia jumla ya nishati waliyokula, ndiyo maana tunasisitiza ziada na si tunda. Upande wa kisukari, utafiti wa 2013 uliofuatilia zaidi ya watu 187,000 nchini Marekani uliona kwamba kila glasi tatu za juisi zilizoongezeka kwa wiki ziliambatana na hatari iliyozidi kwa asilimia 8, ilhali waliokula tufaha na zabibu nzima hatari yao ilikuwa pungufu.

Blenda? Isiyochujwa ni afadhali kuliko iliyochujwa, lakini maembe manne bado ni maembe manne.

Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, na hili halina mjadala kliniki. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wa 2017, hawaruhusu juisi kabla ya mwaka mmoja, na kati ya mwaka 1 na 3 hawapitishi mililita 120 kwa siku. Anayeharisha apewe ORS na zinki. Juisi tamu huweza kuzidisha kuharisha. Na mama mjamzito aliyeandikiwa vidonge vya kuongeza damu avimeze. Vitamini C ya rozela husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, haichukui nafasi yake, na bitiruti haizalishi damu kwa sababu ya rangi yake. Tumelieleza hili mara nyingi kuliko tunavyopenda.

Upande mmoja tuutetee. Mgonjwa anayetumia insulini akianza kutetemeka na kutoka jasho kwa sukari kushuka, na bado anaweza kumeza, nusu glasi ya juisi ndiyo inayotakiwa, kisha apimwe tena baada ya dakika 15.

Sasa wauzaji. Juisi inayofungashwa inasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya 2009, na tangu 2019 usalama wa chakula nao uko huko. Mjasiriamali mdogo huanza na barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambayo humpa nafuu ya gharama, kisha jengo hukaguliwa, sampuli huenda maabara, ndipo hupewa alama ya ubora. Lebo lazima ionyeshe jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi, ujazo, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Maji yakitangulia na sukari ikafuata, mnunuzi amekwishajibiwa. Neno "nekta" maana yake ni tunda lililozimuliwa. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex, nekta ya embe yaweza kuwa na tunda asilimia 25 tu. Wanaokamua na kuuza wanapaswa kupima afya kila miezi sita.

Ukiandika "hutibu kisukari", umetoka kwenye chakula na kuingia kwenye dawa, na huko kuna vibali vyake. Kisingizio cha "nimeikuta mtandaoni" hakipokelewi. Bidhaa huondolewa sokoni na kuteketezwa kwa gharama za mwenyewe, na hatua za kisheria zaweza kufuata.

Mwenye malalamiko aende kwa afisa afya wa kata au ofisi ya TBS iliyo karibu, akiwa na chupa, kifuniko chake na risiti. Chupa isioshwe, na kilichobaki ndani kisimwagwe, maana ndicho kinachopimwa.