Mbunge wa jimbo Marekani ni nani? Miaka minane ya Obama huko Springfield

Ukimuuliza Mkenya yeyote akueleze safari ya kisiasa ya Barack Obama, atakutajia hotuba ya Boston ya mwaka 2004, Seneti ya Washington mwaka 2005, kisha Ikulu mwaka 2009. Kabla ya hayo kulikuwa na miaka minane ambayo kwa kawaida hupewa sentensi moja tu: alikuwa seneta wa jimbo la Illinois. Wengi husikia neno seneta wakadhani ni kiti kilekile cha Washington. Si hicho. Nataka kukieleza cheo hiki kwa sababu bila kukielewa huwezi kujua Marekani huwapika wapi wanasiasa wake, wala nani hasa hutunga sheria zinazomgusa Mmarekani wa kawaida tangu asubuhi hadi usiku.

Jimbo ninalozungumzia hapa si eneo la uchaguzi kama Kibra au Ubungo. Ni mojawapo ya majimbo 50 yanayounda Marekani, na kila moja lina katiba yake, gavana wake, mahakama yake ya juu na bunge lake. Marekebisho ya kumi ya katiba ya nchi yanasema kwamba mamlaka yoyote ambayo serikali ya shirikisho haikupewa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Mamlaka hayo ni mengi kupita watu wanavyofikiri. Mtu akiua Chicago, kwa kawaida anashtakiwa kwa sheria ya Illinois. Leseni ya udereva, mtaala wa shule, ndoa na talaka, kodi ya mauzo dukani, leseni ya muuguzi, hata utaratibu wa kupiga kura: hayo yote kwa sehemu kubwa huamuliwa na bunge la jimbo. Ndugu zetu waliohamia Minnesota au Texas wanakutana na maamuzi ya bunge hilo kabla hawajakutana na ya Washington, labda katika mambo ya viza tu ndipo shirikisho linatangulia.

Kwa msomaji wa huku, kishawishi ni kulifananisha bunge hilo na mabaraza ya kaunti yaliyoanza Kenya mwaka 2013. Mfanano upo, lakini haufiki mbali. Mwakilishi wa wadi wa Nakuru hawezi kuamua adhabu ya mauaji iwe nini. Mbunge wa jimbo la Marekani anaweza. Ninaona mfano wa karibu zaidi uko Zanzibar, ambako Baraza la Wawakilishi hutunga sheria kwa mambo yasiyo ya Muungano na Zanzibar ina katiba yake. Hata hivyo Zanzibar ni moja ndani ya Muungano, na huko Marekani ni 50.

Majimbo 49 yana mabunge ya nyumba mbili, Seneti na nyumba nyingine ambayo kwa kawaida huitwa Baraza la Wawakilishi. Nebraska peke yake ina nyumba moja. Baada ya hapo tofauti ni kubwa mno. New Hampshire, jimbo dogo, ina wawakilishi 400 na huwalipa dola 100 kwa mwaka. Texas, yenye mamilioni ya watu, bunge lake hukutana kwa kikao cha kawaida siku zisizozidi 140 kila baada ya miaka miwili, na mshahara ni dola 600 kwa mwezi. California wabunge wanafanya kazi hiyo mwaka mzima na wanalipwa vizuri. Kwa hiyo katika majimbo mengi mbunge ni wakili, mkulima, wakala wa bima au mwalimu ambaye anakwenda makao makuu miezi michache kisha anarudi kwenye kazi yake. Jambo hili lina gharama ambayo haisemwi vya kutosha. Panapolipwa kidogo, wanaoweza kugombea ni wenye mali, wastaafu na wenye kazi zinazowaruhusu kutoka. Dereva wa basi hawezi.

Illinois inalipa kuliko Texas, lakini Obama aliendelea kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago katika miaka hiyo yote. Seneti ya Illinois ina viti 59, Baraza lina 118, na vikao hufanyika Springfield, mji wa wastani uliozungukwa na mashamba ya mahindi na soya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Chicago.

Namna alivyokipata kiti hicho inafunza sana kuhusu siasa za ngazi hii. Eneo lake lilikuwa la 13, upande wa kusini wa Chicago, na seneta wake alikuwa Alice Palmer. Mwaka 1995 Palmer aliamua kugombea Congress, bunge la shirikisho huko Washington, na akambariki Obama amrithi. Palmer akashindwa na Jesse Jackson Jr., akageuka, akataka kiti chake. Obama akakataa kumpisha. Ili jina liingie kwenye kura za mchujo za chama, mgombea alihitaji saini 757 za wapiga kura waliosajiliwa katika eneo hilo. Watu wa Obama walikwenda ofisi za tume ya uchaguzi wakazipitia fomu za wapinzani jina kwa jina. Huyu hakusajiliwa, huyu anaishi nje ya eneo, huyu ameandika jina kwa herufi za chapa badala ya kutia saini. Palmer alibaki na saini pungufu. Wagombea wengine watatu nao waliondolewa. Obama akaingia mchujo wa 1996 bila mpinzani, na katika ngome ile ya Democratic mchujo ndio uchaguzi wenyewe.

Sheria haikuvunjwa popote. Lakini wapiga kura wa upande wa kusini walinyimwa nafasi ya kuchagua kati ya mama waliyemjua na kijana waliyeanza kumsikia, na siwezi kulisifu jambo hilo.

Aliapishwa Januari 1997, akakuta chama chake ni wachache. Rais wa Seneti alikuwa James "Pate" Philip wa Republican. Rais wa Seneti Illinois ana nguvu ambazo maspika wengi wangezionea wivu: kupitia Kamati ya Kanuni, mswada asioutaka haufiki hata kujadiliwa. Unalala hapo mpaka muhula uishe. Kwa miaka sita hiyo ndiyo ilikuwa hatima ya miswada mingi ya Obama. Alichojifunza ni kutafuta mwenzake upande wa pili. Mwaka 1998, kwa ushirikiano na Warepublican akiwemo Kirk Dillard, alisaidia kupitisha sheria iliyopunguza zawadi ambazo wabunge wangeweza kupokea, ikakataza kutumia fedha za kampeni kwa mambo binafsi na kulazimisha michango itangazwe. Jioni alicheza karata za poka nyumbani kwa seneta Terry Link, pamoja na wabunge wa mashambani na washawishi wa makampuni. Katika bunge la watu 59, kumjua mtu kwa karata zake kuna maana. Baadaye utamwomba kura.

Kuna kitu kingine cha Springfield kilichomfuata hadi kampeni ya urais. Kwenye meza ya seneta kuna vitufe vitatu: kijani ndiyo, chekundu hapana, cha manjano "nipo". Katiba ya Illinois inataka mswada upate kura 30 kati ya 59 zote, si wingi wa waliohudhuria tu, kwa hiyo anayebonyeza manjano anaupunguzia mswada nguvu sawasawa na aliyesema hapana. Wabunge hukitumia kitufe hicho wanapouona mswada una kasoro ya kikatiba, au wanapotaka kuukataa pasipo kumpa mpinzani silaha ya matangazo. Obama alikibonyeza karibu mara 130 kati ya kura kama 4,000. Mwaka 2008 wapinzani wake walidai alikuwa akikwepa. Kwa baadhi ya kura hizo walikuwa na haki. Kwa nyingine, hasa za utoaji mimba, ulikuwa mkakati uliopangwa pamoja na watetezi wa haki za wanawake ili kuwapa kinga wenzao wenye maeneo magumu.

Kura iliyomuumiza zaidi ni ile ambayo hakuwepo kabisa. Desemba 1999 Gavana George Ryan aliwaita wabunge Springfield kuhusu sheria ya silaha baada ya mahakama ya juu ya jimbo kuibatilisha ile iliyokuwepo. Obama alikuwa Hawaii na familia, bintiye akaugua, hakurudi. Kipengele kinachofaa kujulikana hapa ni kwamba mswada unaopitishwa baada ya mwezi Mei na kutakiwa uanze kazi mara moja unahitaji kura tatu kati ya kila tano za maseneta wote, yaani kura 36. Zilikosekana tano. Kura yake peke yake isingeuokoa, lakini wakati huo alikuwa anagombea kiti cha Bobby Rush katika Congress, na mtoto wa Rush alikuwa ameuawa kwa risasi miezi michache iliyotangulia. Machi 2000 Rush alimshinda kwa kura mara mbili ya zake.

Mwanasiasa wa ngazi hii akishindwa hivyo huwa mara nyingi amekwisha. Kilichombadilishia Obama mambo ni kazi nyingine ya bunge la jimbo, ile ambayo wapiga kura hawaioni: kuchora mipaka. Kila baada ya miaka kumi, sensa ikikamilika, katika majimbo mengi ni bunge lenyewe linalochora maeneo ya uchaguzi, yake na ya Congress. Illinois, vyama vikishindwa kukubaliana, huundwa tume yenye idadi sawa ya pande mbili, na ikikwama, katiba inasema jina la mjumbe wa ziada lichaguliwe kwa bahati nasibu. Mwaka 2001 Jesse White, Katibu wa Jimbo, alitia mkono kwenye kofia iliyotengenezwa kwa mfano wa kofia ndefu ya Abraham Lincoln, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mbunge wa Illinois kuanzia 1834 hadi 1842. Likatoka jina la Mdemokrat, Michael Bilandic. Mamilioni ya watu walipangiwa wawakilishi wao wa miaka kumi kwa karatasi iliyotolewa kofiani. Siku hizi mabishano ya Marekani kuhusu mipaka iliyopindishwa kusudi yamejaa kila mahali, na ukitaka kujua yanapoanzia, yanaanzia katika vyumba vya mabunge ya majimbo.

Wademokrat walipopata kalamu, eneo la Obama lilinyooshwa kaskazini kando ya ziwa, likayagusa makazi ya matajiri na wafadhili wa Chicago. Likabaki na wapiga kura weusi wengi, lakini sasa pia lilikuwa na watu wenye pesa za kampeni. Uchaguzi wa 2002 uliwapa Democratic wingi katika Seneti, na Emil Jones, mzee wa upande wa kusini aliyewahi kuwa mkaguzi wa mifereji ya majitaka ya jiji, akawa rais wa Seneti. Jones alimkabidhi Obama miswada mizito, na wenzake kadhaa walinung'unika kwamba walikuwa wameihangaikia kwa miaka kabla yake.

Ndani ya mwaka 2003 ikapita sheria ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, na nyingine ambayo naiona kuwa kazi yake bora ya Springfield: mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji yarekodiwe kwa sauti au video. Sababu ilikuwa wazi. Tangu 1977 Illinois ilikuwa imewaua kwa sindano watu 12, na katika kipindi hichohicho 13 waliohukumiwa kifo walitolewa jela baada ya hukumu zao kubatilishwa. Ryan alisitisha adhabu hiyo mwaka 2000. Huko Chicago wanaume weusi walikuwa wamekiri makosa chini ya mateso ya askari wa kamanda wa polisi Jon Burge. Polisi na waendesha mashtaka walipinga kamera. Obama alikaa nao, akarekebisha kifungu hiki na kile, mpaka mswada ukapita Seneti pasipo kura ya kuupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza kulitungia jambo hilo sheria. Nashauri mtu anayetaka kumwelewa Obama wa Ikulu, pamoja na uvumilivu wake wa kutafuta maafikiano ambao uliwachosha wafuasi wake, aanzie kwenye mswada huu.

Machi 2004 alishinda mchujo wa Seneti ya Marekani, na Novemba akashinda kiti chenyewe kwa asilimia 70. Akajiuzulu Springfield. Kiti kikiwa wazi Illinois hakuna uchaguzi mdogo kama Kenya au Tanzania: viongozi wa chama cha aliyeondoka katika eneo hilo hukutana wakateua mrithi. Walimteua Kwame Raoul, wakili mwana wa wahamiaji kutoka Haiti. Ni Raoul aliyeusimamia katika Seneti mswada wa kufuta kabisa adhabu ya kifo Illinois, uliotiwa saini Machi 2011, na tangu 2019 ndiye Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo.