Maadili ya wajibu si maadili ya kutii agizo

Katika semina ya maadili ya kazi niliyohudhuria hivi karibuni, mwezeshaji aliwaeleza washiriki, wengi wao wakiwa wahasibu na wauguzi, kwamba mtu wa maadili ya wajibu ni yule anayefuata kanuni za ofisi na maagizo ya mkuu wake bila kuhoji, ilhali mtu wa maadili ya matokeo ni yule anayesubiri aone jambo limeishaje ndipo aseme kama lilikuwa jema. Washiriki waliyaandika maelezo hayo madaftarini. Sikuwa nikiyasikia kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa hao ndio wanaoshika fedha na dawa za wenzao, naona ni vyema yarekebishwe.

Maana yenyewe ni fupi. Maadili ya wajibu, ambayo mtetezi wake mashuhuri ni mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant katika maandishi yake ya mwaka 1785, husema kwamba matendo fulani ni lazima kwetu na mengine ni marufuku kwa jinsi yalivyo yenyewe, hata pale ambapo kwenda kinyume kungeleta faida. Maadili ya matokeo, yaliyotetewa na wanafalsafa Waingereza Jeremy Bentham na baada yake John Stuart Mill, husema kwamba tendo hupimwa kwa kheri na madhara yanayowafikia wote wanaoguswa nalo, pasipo mtendaji kujipendelea. Muuguzi aliyekosea kipimo cha dawa na mgonjwa asidhurike anaweza kumweleza ukweli kwa sababu mgonjwa ana haki ya kuujua, au kwa sababu kuficha kutawaumiza wagonjwa watakaofuata. Uamuzi ni mmoja, lakini sababu ni mbili.

Kinachonisumbua ni neno wajibu. Tumelipokea kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kulazimu, lakini mzizi huo una pia maana ya kuanguka: katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 36, kitenzi chake kinatumika kwa wanyama wa dhabihu wanapoanguka ubavu baada ya kuchinjwa. Ukilitazama neno kwa picha hiyo, wajibu ni kitu kilichokuangukia na kutulia juu yako, na hakihitaji kutumwa na mtu. Waliosoma chuoni, yaani madrasa, katika pwani yetu wanaijua faradhi ya kifaya, wajibu ulio juu ya jamii nzima mpaka baadhi yao wautimize: maiti asiye na jamaa akiachwa bila kuzikwa, lawama inaushukia mji mzima, ingawa hakuna msimamizi aliyemwandikia mtu yeyote barua ya kumpangia kazi hiyo.

Siku hizi neno limehama. Tukisema waziri fulani awajibike tunataka ajiuzulu, na tukisema mtumishi amewajibishwa tunaelewa kwamba amefukuzwa au ameadhibiwa, hivyo wajibu umekuwa jambo linaloshuka kutoka juu pamoja na adhabu yake. Mfano ambao Watanzania hupenda kuutaja unaonyesha maana ya awali kuliko hii ya sasa. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya watuhumiwa waliofariki mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ilhali si yeye aliyewatesa. Jambo lilikuwa limemwangukia, naye akalibeba.

Kwa Kant jambo hili ni wazi zaidi, kwa kuwa kwake wajibu hutoka katika akili ya mtendaji mwenyewe, ambaye hujiuliza kama kanuni anayoifuata ingeweza kuwa sheria ya watu wote, na kama anamtendea mwenzake kama mtu au kama chombo tu cha kufikia jambo jingine. Agizo la mkuu halijibu hata swali moja kati ya hayo. Mhasibu anayeambiwa na mkurugenzi atie saini malipo ya kazi ambayo haikufanyika, kisha akatia, ametii. Wajibu wake ulikuwa kukataa. Mwaka 1961, Adolf Eichmann, afisa wa utawala wa Hitler, alipokuwa akishtakiwa Jerusalem kwa sehemu yake katika mauaji ya Wayahudi, alidai kwamba maisha yake yote aliishi kwa kufuata wazo la Kant kuhusu wajibu. Sijui upotoshaji wa neno uliowahi kufika mbali kuliko huo, kwani mtu aliyemkabidhi mkuu wake kazi ya kuamua jema na baya ameiacha kazi ile ile ambayo Kant alisema haiwezi kukabidhiwa mtu mwingine.

Neno matokeo nalo lina mtego wake, ingawa ni mdogo. Katika mazungumzo ya kila siku matokeo ni kitu kilichokwisha kutoka, kama yale ya mitihani yanayobandikwa ukutani, na ndiyo maana watu hudhani kwamba maadili haya husubiri tangazo. Wanafalsafa wenyewe hubishana kama kipimo ni kilichotokea au kilichotarajiwa, lakini mtu aliye kazini, mwenye faili mezani na saa inayokwenda, hana cha kupima isipokuwa kinachotarajiwa.

Frances Kelsey alianza kazi katika mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mwaka 1960, na miongoni mwa mafaili ya kwanza aliyokabidhiwa lilikuwa ombi la kuuza thalidomidi, dawa ya usingizi iliyokuwa tayari madukani katika nchi nyingi. Kampuni ilimhimiza mara kwa mara, naye kila mara akataka ushahidi zaidi wa usalama wake. Mwishoni mwa 1961 ilibainika kwamba dawa hiyo, ikitumiwa na wajawazito, iliharibu viungo vya watoto tumboni, na Rais Kennedy alimtunuku nishani mwaka 1962. Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba watoto hao ndio waliothibitisha kwamba alikuwa sahihi. Alipokataa mara ya kwanza hakujua lolote kuhusu watoto. Alichojua ni kwamba ushahidi haukutosha. Hata kama dawa ingekuja kuonekana salama, mtu wa wajibu angesema kwamba mkaguzi hana ruhusa ya kuidhinisha kisichothibitishwa, na mtu wa matokeo angesema kwamba hasara ya kuchelewesha dawa ya usingizi ilikuwa ndogo kuliko hatari ya kuharakisha dawa isiyojulikana vyema.

Mwezeshaji wetu ni mtu msikivu, na baada ya kikao nilimwomba abadilishe maneno machache tu katika maelezo yake: pale alipoandika kwamba mtumishi alitimiza wajibu kwa kufuata maelekezo, aandike kwamba alitii maelekezo, kisha awaache washiriki wajadili wenyewe kama wajibu ulitimizwa.