Jamani, mpira wa oksijeni wa puani hauui mtoto

Juzi tena. Mtoto wa miezi minne, ana RSV, kile kirusi kinachobana kifua cha watoto wachanga, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni kwenye damu inasoma asilimia 84. Nesi kamwekea oksijeni lita moja tu, ikapanda 95, katoto kakatulia mpaka kakaanza kutafuta ziwa. Nageuka kuandika faili nasikia alamu inalia, bibi yake kachomoa mpira.

"Dokta mwanangu, si ndio huu wanawekewa wanaokufa?"

"Shikamoo bibi, turudishie kwanza halafu tuongee."

Nimechoka na hii kitu, ila bibi hajaota. Kaona mtoto wa jirani kafikishwa siku ya nne midomo imeshabadilika rangi, kawekewa oksijeni, saa mbili baadaye hayupo. Kinachobaki kichwani ni ule mpira. Zile siku tatu za sirapu ya kikohozi na antibayotiki, ambazo kirusi wala hakina habari nazo, hakuna anayezikumbuka. Kwa hesabu hiyo hata shehe na padri wanaua, maana nao huitwa mwishoni. Na sisi tunachangia, wodi ina silinda moja basi tunamngojea aliyezidiwa kabisa, halafu tunashangaa watu wanaiogopa.

Oksijeni haitibu RSV, inamshikilia mtoto mpaka kirusi kimalize fujo zake, na siku ya tatu mpaka ya tano ndio huwa pagumu. Chini ya 90 anawekewa, akitulia anatolewa. Hakuna cha "atazoea".

Sasa nisiwe mnafiki. CPAP ya mapovu, ile inayosukuma hewa kwa presha mapafu yasijifunge, yenye chupa ya maji inayotokota kama uji, hiyo ni habari nyingine. Bangladesh mwaka 2015 utafiti ulionyesha inaokoa, tukashangilia, halafu 2019 Malawi, kwa watoto wenye utapiamlo, VVU na wengine wa hatari kubwa, waliowekewa CPAP wakafa wengi kuliko wa oksijeni ya kawaida. Kwa nini hasa, tunabishana mpaka leo, labda ni wodi isiyo na daktari wa kukaa karibu, labda tumbo kujaa hewa wakatapika ikaingia kifuani. Mtoto aliyekonda sana akija usiku na mimi niko peke yangu, mkono unasita.

Lakini huo mpira mwembamba wa puani? Hapana.

Siku ya sita nesi kaenda kuutoa, namba ziko 96 bila oksijeni. Bibi kamshika mkono: "Muache nao kidogo, sista, mpaka kesho."