Maana ya Wati za RMS katika Mfumo wa Sauti wa Gari la Safari

Wati za RMS ni kipimo cha nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa, au spika inaweza kuipokea, kwa muda mrefu bila sauti kukwaruza na bila chombo kuungua. Mtu wa Nakuru anayetaka kuboresha sauti katika gari lake la safari, yaani lile lenye kitanda, jiko na betri ya pili, ambalo familia hulala ndani yake kando ya Ziwa Elementaita au Ziwa Naivasha, anapaswa kukielewa kipimo hiki kabla hajatoa hata shilingi moja. Namba kubwa iliyochapishwa kwenye katoni aghalabu si wati za RMS. Ni nguvu ya kilele, ambayo hufikiwa kwa kufumba na kufumbua tu, ngoma inapopigwa.

Sauti hupita katika waya kama umeme unaopanda na kushuka, upande wa chanya na wa hasi, hivyo wastani wake wa kawaida ni sifuri na haumwelezi mtu chochote. Kwa sababu hiyo wahandisi huzidisha kila thamani ya volti kwa yenyewe, hutafuta wastani wa majibu hayo, kisha huchukua kipeuo chake cha pili; jibu hilo ndilo RMS, kifupisho cha maneno ya Kiingereza root mean square. Volti 240 za umeme wa nyumbani ni kipimo cha aina hiyo hiyo, kwani kilele chake hufika volti 339 hivi. Kihesabu, RMS ni ya volti, na nguvu inayopatikana kutokana nayo ni nguvu ya wastani, lakini soko limekwisha kuzoea kusema wati za RMS.

Tuchukue redio iliyoandikwa wati 50 mara 4, yaani wati 50 kwa kila moja ya spika nne. Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari hufika takriban volti 14.4, na spika nyingi za gari zina ukinzani wa omu 4. Ukizidisha 14.4 kwa yenyewe kisha ukagawanya kwa 4, unapata wati 52 hivi, na hapo ndipo namba ya katoni inapotoka. Hata hivyo, jibu hilo linadai volti zibaki kileleni muda wote, jambo ambalo wimbi safi la sauti halifanyi. Wimbi hilo hutoa nusu yake, wati 26, na baada ya upotevu ndani ya redio hubaki wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Fyuzi nayo inashuhudia: redio yenye fyuzi ya ampea 10 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 144 mfululizo, basi itatoaje 200? Kumwuzia mtu namba ya kilele bila kumweleza hivyo ni kumpunja, hata kama muuzaji hakukusudia.

Gari la safari lina jambo la ziada ambalo matatu ya Kisumu, ikiwa barabarani mchana kutwa, haina: muziki wake husikilizwa zaidi injini ikiwa imezimwa. Betri iliyojaa hutoa volti 12.6 hivi, na katika amplifaya isiyodhibiti volti zake, nguvu hupungua kwa karibu robo. Tena amplifaya ya wati 300 za RMS, hata ile ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, inayogeuza asilimia 80 ya umeme kuwa sauti, huvuta ampea 30 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu, ingemaliza nusu hiyo kabla ya saa mbili, na friji bado inaingoja. Kwa bahati njema, muziki wa kawaida hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo.

Kwa spika, linganisha RMS yake na RMS ya amplifaya, usichanganye RMS na kilele. Amplifaya dhaifu iliyofunguliwa hadi mwisho hukata ncha za mawimbi, na mara nyingi spika ndogo za sauti nyembamba ndizo zinazoungua kwanza.

Kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Kwa hiyo, katika gari dogo, mimi ningetazama kwanza usikivu wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayoitoa kwa wati moja: spika ya desibeli 91 kwa wati 1 hufikia kwa wati 25 sauti ile ile ambayo spika ya desibeli 88 huifikia kwa wati 50, na betri huvutwa nusu tu.